Sekunde 18 zilizokula mwezi: kisa cha D&D ya kuandikiana

Kisa chenyewe ni kipi

Hii ni kampeni (hadithi moja ndefu ya mchezo) ya Dungeons & Dragons, gemu ya kuigiza wahusika kwa maneno na dadu, iliyochezwa kwa posti, yaani hakuna meza wala kukutana, kila mtu anaandika kwenye uzi mhusika wake kafanya nini, gemu masta (msimulizi anayeongoza mchezo na kuwachezesha adui) anasoma, anajibu, mnaendelea. Nilikuwemo kama mchezaji. Majina nimeyatoa yote, jina la kampeni nalo nimelitoa, na kuna sehemu moja mbili nimezizungusha ili mtu asitambulike, ila mtiririko wa mambo nimeuacha ulivyo. Wachezaji nitawaita kwa kazi za wahusika wao: mwizi, askari, mchawi, kuhani na mpiga mshale.

Naiandika kwa sababu kampeni ya posti ikifa maneno huwa ni yale yale, "wachezaji hawakuwa siriasi". Hawa walikuwa siriasi mpaka basi, wengine wanaandika posti ndefu kuliko barua ya posa, na bado gemu ilikuwa inakata roho mbele ya macho yetu.

Usuli

Tulitumia toleo la tano, lile la 2014. Wachezaji watano na gemu masta mmoja, wote lugha yetu ni moja ila makazi tumetawanyika: gemu masta na wachezaji wawili wako Dar, askari yuko Mombasa, kuhani yuko Muscat, na mchawi, ambaye ni dada, yuko Minnesota. Muscat wako mbele yetu saa moja tu, hiyo haina shida. Minnesota wako nyuma saa nane au tisa kutegemea msimu, kwa hiyo sisi ikiwa saa mbili usiku tumeshakula na tumeshika simu, dada wa watu kwake ni saa tano asubuhi yuko kazini, na akija kupata nafasi ya kuandika sisi tunakoroma.

Mwanzoni tulijaribu kucheza kwa sauti. Ilibuma haraka. Bando linaisha katikati ya pambano, umeme unakatika, mmoja ana mtoto mchanga, sauti ya mwingine inakuja kama anaongea ndani ya pipa. Tukakubaliana tuandikiane, kila mtu aposti anapopata upenyo, lengo likiwa angalau mara moja kwa siku. Kwa kweli hapo gemu ilipendeza kuliko tulivyotegemea, maana gemu masta alibuni mji wa bandari wa kwake, una mitepe, una liwali mla rushwa, una maghala ya karafuu, na Kiswahili chake kikiandikwa kinanoga kuliko kikiongewa kwa spika mbovu. Wiki za mwanzo zilikuwa za maneno maneno, kuulizana, kupeleleza magendo, kumzunguka liwali. Kila mtu akaona tumepatia.

Kitu kimoja cha kukumbuka hapa: gemu masta alikuwa na tabia ya kumaliza kila posti yake na "Mnafanyaje?" akituuliza wote kwa pamoja. Kwenye kupeleleza haikuonekana tatizo.

Pambano la ghalani

Tukiwa levo ya 3 tukavamia ghala la wafanya magendo. Adui walikuwa makundi mawili, wenye visu chini na wapiga mshale juu kwenye dari la mbao. Gemu masta akafanya kama kitabu kinavyosema, kila mtu arushe dadu ya pande 20 ajumlishe wepesi wake, mpangilio wa zamu ukatoka hivi: mwizi, adui wa chini, mchawi, kuhani, adui wa juu, askari, mpiga mshale. Vituo saba kwa raundi moja, na hakuna anayeruhusiwa kuandika kabla ya aliye mbele yake.

Mezani hiyo ni dakika kadhaa tu. Kwenye posti, mwizi anaandika usiku wa Jumatatu, gemu masta anajibu kesho yake kwa niaba ya adui wa chini, dada wa Minnesota anaandika sisi tumelala, kuhani anaona asubuhi ila yuko kazini anajibu jioni, na kadhalika. Raundi moja kwenye D&D ni sekunde 6. Raundi tatu za kwanza, sekunde 18 za gemu, zilikula kama mwezi mzima.

Na haikuwa kusubiri zamu peke yake. Angalia posti hii ya mpiga mshale, ambaye alikuwa wa mwisho kwenye foleni:

"Navuta upinde namlenga yule jamaa aliye karibu na mlango. Bado yuko hai? Na je, namuona kutoka hapa nilipo au magunia yananiziba?"

Maswali mawili ya halali kabisa. Gemu masta akajibu kesho yake kwamba yule keshaanguka ila kuna mwingine kwenye ngazi na anaonekana. Mpiga mshale akajibu siku inayofuata, "sawa basi huyo wa kwenye ngazi", akarusha dadu ya kupiga, ikapita, gemu masta akamwambia rusha ya madhara. Siku nyingine hiyo. Mshale mmoja umesafiri siku nne kutoka kwenye upinde mpaka kwenye bega la mtu.

Uzi ukapoa. Watu wakasahau nani amesimama wapi, ikabidi warudi kusoma posti za nyuma, wakichoka kusoma hawaandiki. Askari akala jiwe wiki nzima na alipoulizwa akasema, "Mkuu mimi nilijua bado zamu haijanifikia." Ilikuwa imemfikia. Pamoja na hayo yote hakuna aliyekuwa na kosa, hilo ndilo lilikuwa linaudhi.

Maamuzi na kwa nini

Gemu masta akasimamisha gemu akatuomba maoni pembeni. Mwizi alitaka tuongeze adhabu, asiyeposti atolewe. Gemu masta akakataa, na hapo naona alifikiri vizuri, kwa sababu alihesabu akaona hata kila mtu akijibu ndani ya siku moja bila kukosa, vituo saba ni siku saba, na pambano la raundi nne ni siku 28. Unaweza kumfukuza nani hapo, wakati watu wametimiza ahadi na bado mwezi umeisha? Cha kupunguza ni vituo.

Akavunja foleni. Kila mtu alirusha dadu ya zamu mara moja tu mwanzoni, waliomzidi adui wanatangulia kwenye raundi ya kwanza, halafu adui wote wanacheza kwa mpigo, halafu wachezaji wote wanaandika kwa mpangilio wowote, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza. Kwa hiyo kila raundi inakuwa na vituo viwili, sisi na wao. Ile siku 28 inashuka mpaka kama 8. Mwizi alinung'unika kwamba amewekeza pointi zake kwenye wepesi halafu wepesi wenyewe umekuwa hauna thamani, na ana hoja, ile nafasi ya kutangulia raundi ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Hapa nichomekee kitu. D&D ilitoka 1974 ikiwa gemu ya watu waliokaa meza moja, kanuni zake zote zinachukulia kwamba ukiuliza swali unajibiwa sekunde ile ile. Kuna gemu nyingine ya ubao, Diplomacy, ambayo watu walianza kuicheza kwa barua za posta tangu 1963 na ikakaa vizuri tu, kwa sababu kanuni yake ya asili ni kwamba kila mchezaji anaandika amri zake kwa siri halafu zote zinafunguliwa kwa pamoja. Hakuna foleni. Gemu masta wetu kwa kweli aliivuta D&D upande ule.

Uamuzi wa pili, na kwangu ndio uliobadilisha gemu kuliko yote, ulikuwa posti za "kama". Hili wacheza sataranji ya barua wanalijua siku nyingi, unatuma hatua yako na unaongeza ukijibu hivi basi mimi nafanya vile. Mpiga mshale yule yule, raundi iliyofuata:

"Namlenga wa kwenye ngazi. Kama keshaanguka, yeyote aliye juu mwenye upinde. Kama hakuna wa kulenga najibanza nyuma ya magunia. Dadu ya kupiga 17, ikipita madhara ni 8. Adui akinisogelea narudi nyuma hadi mlangoni."

Gemu masta akiisoma hiyo hana cha kuuliza. Dadu zote mbili zimerushwa kwa programu ya kurusha dadu kwa mkupuo mmoja, kila mtu anaziona, na kama ya kupiga imekosa ile ya madhara inapuuzwa tu. Riaksheni (majibu ya papo kwa papo nje ya zamu yako) nazo zikaandikwa kabla: mchawi ana uchawi wa Shield ambao unamuongezea 5 kwenye kinga, basi akaacha maagizo ya kudumu, "pigo likinipata kwa tofauti isiyofika 5 natumia Shield, mara moja tu kwa pambano". Zamani hiyo ingekuwa ni kumuuliza akiwa amelala Minnesota.

Mengine yalikuwa madogo ila yalisaidia. Yale ya kila mtu arushe dadu tuone nani kagundua mlango wa siri yakaachwa, gemu masta akawa anatumia ile namba ya kudumu ya 10 kujumlisha uwezo wa mhusika, anajua mwenyewe nani kaona. "Mnafanyaje?" ikafa, badala yake akawa anamtaja mtu na kinachomkabili: "Askari, ngazi inavunjika upande wako. Dada mchawi, yule mzee anakutazama wewe peke yako." Ukiwauliza watano kwa pamoja kila mmoja anasubiri mwenzake aanze, ukimuuliza mmoja anajibu. Na juu ya uzi kukawa na bango la hali, nani yuko wapi, amebaki na uhai kiasi gani, adui wangapi wamesimama, linasahihishwa kila raundi.

Halafu kuna uamuzi wa mwisho. Saa 24 zikipita hujaandika, gemu masta anamchezesha mhusika wako.

Kuhani anakufa

Pambano la ghalani lililobaki liliisha ndani ya siku chache. Mzuka ukarudi. Wote tukawa tunaona tumepata dawa.

Pambano lililofuata lilikuwa uwanjani mwa nyumba ya liwali. Kuhani, yule wa Muscat, akapata msiba akasafiri. Aliaga, ila aliaga kwenye grupu la soga, "jamani nina dharura, nitapotea kidogo", na ujumbe ukafunikwa na stika na utani wa mpira. Gemu masta hakuuona. Saa 24 zikapita.

Wakati huo askari alikuwa chini, hana fahamu. Gemu masta akaona kazi ya kuhani ni kuponya, basi akamvusha uwanja mzima mpaka alipo askari, akamgusa kwa Cure Wounds, akatumia nafasi yake ya mwisho ya uchawi. Askari akaamka. Zamu ya adui ikafika, na kumbuka sasa adui wote wanacheza kwa mpigo, mishale minne ikamwelekea kuhani aliyesimama peupe katikati ya uwanja. Akaanguka.

Kwenye toleo la tano ukiwa umeanguka unarusha dadu ya kifo kila zamu yako, 10 na kuendelea ni salama, chini ya hapo ni kosa, makosa matatu umekufa, na ukipata 1 yanahesabiwa makosa mawili kwa mpigo. Gemu masta akamrushia kuhani. Ikatua 1. Tatizo ni kwamba wachezaji wengine raundi ile tulikuwa tumeshaposti, kila mtu aliandika lake akijua kuhani ana nafasi tatu bado, hakuna aliyekwenda kumwinua. Raundi iliyofuata gemu masta akaanza na dadu ya kuhani. Ikatua 6.

Mchawi akaandika posti ya maombolezo nzuri sana, mwizi naye akaandika. Siku kadhaa mbele mwenyewe akarudi, akasoma, akaandika hivi:

"Nimetoka kuzika nakuta na mimi nimezikwa."

Tukacheka kwanza. Halafu akaja na hoja na kicheko kikaisha: "Kaka, mimi nina Healing Word. Inafika futi 60. Kwa nini nitembee mpaka katikati ya uwanja kumgusa mtu?" Na kweli, uchawi huo umeandikwa kwenye karatasi yake ya mhusika, angeweza kumponya askari akiwa amejibanza ukutani. Yeye asingekufa vile. Amekufa kwa uamuzi ambao asingeufanya hata siku moja.

Gemu masta alichoamua

Alikuwa na njia tatu. Kurudisha pambano nyuma, lakini ingefuta posti za watu wanne wiki nzima. Kuacha kifo kibaki kwa sababu sheria ni sheria na wote tuliikubali, hilo ndilo alilotaka mwizi. Akachagua ya katikati: kuhani hakufa, alidhaniwa amekufa, watu wa liwali wakamburuta ndani na sasa ni mateka. Maombolezo yanabaki kwenye hadithi kwa sababu wahusika waliamini kweli kafa, na mwenye mhusika anapata mhusika wake.

Akaongeza kanuni kwamba mhusika ambaye mwenyewe hayupo hawezi kufa, akianguka anahesabiwa ametulia mpaka mwenyewe arudi.

Matokeo

Sehemu ile ya hadithi ilifika mwisho, liwali akaanguka, tukagawana mali. Mapambano yaliyofuata hayakuvuka wiki mbili hata moja.

Kuhani alirudi kwa posti kadhaa, fupi, za heshima. Mateka huwa hana mengi ya kufanya, anasubiri kuokolewa, na kwenye gemu ya posti kusubiri kuokolewa ni kukaa wiki nzima ukiwatazama wengine wakicheza. Akaaga kistaarabu. Askari alichomoka baadaye, ila huyo ni kazi tu zilimbana, halihusiani. Nafasi zao zikazibwa na watu wengine na kampeni ikaendelea.

Uchambuzi

Ukiuliza wachezaji wa kundi lile nini kiliokoa gemu, wengi watakwambia saa 24. Mimi nabisha. Ukiondoa saa 24 ukabakiza zamu za pamoja na posti za "kama", pambano bado linakwenda, labda linachelewa siku mbili. Ukifanya kinyume chake, uweke saa 24 kwenye foleni ile ya vituo saba, bado una siku saba kwa raundi. Saa 24 inaonekana ndiyo shujaa kwa sababu ndiyo inayokufinya, unaiona ikikukaribia. Vituo vilivyopungua huvioni.

Zamu za pamoja zina gharama yake na nadhani gemu masta aliidharau. Adui wote wakipiga kwa mpigo, mtu anaweza kutoka mzima hadi chini bila mwenzake kupata nafasi ya kumsaidia katikati. Kwenye foleni ya zamani, baada ya mishale miwili ya kwanza pengine mmoja wetu angepata zamu. Sasa hivi akigawa adui anahakikisha hawamlundikii mtu mmoja raundi moja, ni udanganyifu kidogo wa gemu masta lakini wa haki. Na dadu ya kifo inarushwa mwisho wa raundi, baada ya kila mtu kuposti, ili matokeo yakitoka watu wapate raundi nzima ya kuyafanyia kazi.

Sasa kile kifo chenyewe. Mwizi mpaka leo anasema sheria ilikuwa wazi. Sheria ilisema gemu masta atamchezesha, haikusema atamchezesha kwa kiwango gani, na hapo ndipo palipovuja. Kumchezesha mtu asiyekuwepo kuna sehemu mbili tofauti kabisa: kumfanya asiwazuie wenzake, na kumfanya awe na faida. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa inatafutwa. Gemu masta akafanya ya pili kwa nia njema, akatumia mali ambayo hairudi katikati ya pambano, ile nafasi ya mwisho ya uchawi, na akampeleka mtu kwenye hatari. Kundi lile sasa kila mchezaji ana mistari miwili mitatu kwenye karatasi yake ya nini mhusika wake anafanya akikosekana, na kama hajaandika basi anajilinda na kurudi nyuma, hatumii kitu chenye idadi, hasogei mbele. Mistari ya kuhani mpya inaanza na "Healing Word kwanza, sitembei", bila shaka kasimuliwa.

Kuhusu kumfanya mateka, najua gemu masta alijitahidi, na kihadithi ilikuwa safi. Lakini alitibu hadithi akamsahau mchezaji. Mtu aliyelalamika kwamba amechezeshwa bila kuwepo, fidia yake ikawa kuwepo bila kucheza. Angepewa mhusika wa muda, mtumishi wa nyumba ya liwali kwa mfano, anayewafungulia mlango wenzake, pengine angebaki. Nilisema hivyo wakati ule, nikaambiwa ni mchezo tu.

Kuaga kwenye grupu la soga nako kulitatuliwa kirahisi, juu ya uzi kwenye lile bango la hali kuna mstari wa waliosafiri, unajiandika mwenyewe.

Ambacho bado hakijakaa sawa ni mazungumzo. Pambano lina raundi, unaweza kuzikata, lakini wahusika watano wakimhoji shahidi kila swali ni siku na kila jibu ni siku, na huwezi kuandika "kama atakataa nasema hivi, kama atalia nasema vile" mara kumi bila posti kuwa fomu ya serikali. Gemu masta akajaribu kufungua waraka wa pamoja mtandaoni, wahusika wa tukio wanaingia usiku mmoja wanaandika maneno yao mstari kwa mstari, likishaiva linabandikwa kwenye uzi kama posti moja. Mara ya kwanza mwizi alifuta sentensi nzima ya mchawi, eti mhusika wake asingekaa kimya kutukanwa vile, dada akamaindi, ikawekwa kanuni kwamba kila mtu anagusa maneno ya mhusika wake tu na ya katikati anaandika gemu masta. Mazungumzo ya watu wawili watatu sasa yanaisha kwa usiku mmoja. Ya watano bado yanazingua, na saa za Minnesota hazijasogea.